Breki Waliyoitoa kwa Ajili ya Mgeni Rasmi

Mpaka leo nikiona nukta inasogea kwenye ramani ya simu, damu inanichemka. Inaweza kuwa ni bodaboda tu inaniletea chipsi, au basi la ndugu yangu anayetoka Bukoba. Watu wakiona nimekunja uso wanauliza kama kichwa kinauma. Kichwa hakiumi. Nina hasira, ya zamani kidogo sasa, na sijapata pa kuitua.

Wakati huo nilikuwa naandika programu za kompyuta kwenye ofisi moja ndogo Mirongo, Mwanza mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tulikuwa watatu: mkurugenzi, kaka mmoja mpole aliyekuwa mwandishi mwenzangu wa programu, na mimi. Mkurugenzi hakujua kuandika hata mstari mmoja, na kwa hilo simlaumu. Mama yangu pia hajui. Alichojua ni kuongea. Mtu yule angeweza kumuuzia sato maji ya ziwa. Ndiye aliyekwenda Ukerewe, akakaa na wenye mitumbwi wa ushirika mmoja pale Nansio, akarudi na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na nitaitetea popote. Ziwa letu lina upepo wa ghafla. Mtu anatoka maji yametulia, kabla hajakaa sawa mawimbi yanaingia ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo kila mtumbwi wa ushirika ulifungwa kidude kidogo cha kusema uko wapi. Taarifa zake zilipita kwenye mtandao wa simu zikaingia kwenye ukurasa wetu, na kwenye ofisi ya ushirika pale mwaloni, samaki wanakoshushwa, mtu mmoja alikaa mbele ya kompyuta akiangalia ramani ya ziwa yenye nukta za kijani, kila nukta mtumbwi. Pembeni mwa ramani kulikuwa na kitufe chekundu. Mtumbwi ukipata shida, anaigusa nukta yake, anabonyeza kitufe, king'ora kinalia, na vijana wa boti ya uokoaji wanapata kwenye simu zao mahali pa kwenda. Kazi ilikuwa ni kitufe hicho. Mengine yote yalikuwa mapambo ya kukizunguka.

Wa kukaa mbele ya kioo, ushirika ulimteua mama mmoja mtu mzima wa palepale kisiwani, aliyekuwa karani wao tangu zamani. Walimwita mwangalizi, na mimi nitamwita hivyo. Nilivuka kwenda kumfundisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe fundi wa kompyuta? Mbona mwembamba hivyo, huko Mwanza hawapiki?"

Alijifunza bila kelele. Swali lake lilikuwa moja tu. Aliweka kidole karibu na kioo, akauliza, "Nikikibonyeza hiki, kinalia kweli?" Nikamwambia kinalia. Tukakibonyeza, king'ora kikalia, vijana wa boti wakaja mbio wengine viatu mkononi, tukacheka wote. Jioni ile alinilisha sato wa kuchoma na viazi vitamu, akanisindikiza mpaka kwenye nyumba ya wageni.

Tatizo lilijitokeza kwenye majaribio. Kidude kinasema mtumbwi unapotembea, ukisimama, kinanyamaza. Mitumbwi ya dagaa ikiwa imetulia na taa zake huko majini, ukurasa unakwenda vizuri. Kukipambazuka yote inageuza kurudi, na vidude vyote vinaanza kusema kwa pamoja: niko hapa, sasa niko hapa, sasa niko hapa. Kila taarifa iliyoingia, ukurasa wetu ulifuta ramani ukaichora upya, nukta zote, hata za mitumbwi ambayo haijasogea. Na kivinjari cha kompyuta kikiwa kinachora hakisikilizi. Ukibonyeza kitufe, mbonyezo wako unapanga foleni nyuma ya michoro yote iliyotangulia, na foleni inazidi kurefuka kwa sababu taarifa mpya hazina subira.

Nikimweleza mama yangu jambo hili nilimwambia hivi. Uko jikoni unamenya ndizi. Kuna mgeni anakuja, na watoto wa nyumba nzima wanapishana mlangoni kukwambia amefika wapi: amefika kwenye mti, amepita mti, amefika kwa jirani, amepita kwa jirani. Kila mtoto unamwitikia mpaka amalize. Hatimaye ndizi hazijamenywa, mgeni yuko mlangoni anapiga hodi, na wewe bado unasikiliza habari za kwenye mti. Mama akasema angewachapa wote. Nikamwambia kwenye kompyuta hatuchapi, tunawaambia wakae kimya, halafu mmoja tu aje na habari ya mwisho.

Dawa ndiyo hiyo, na sikuigundua mimi. Inajulikana duniani kote. Usichore kila taarifa. Zipokee zote, kwa kila mtumbwi bakiza ile mpya kuliko zote, nyingine zitupe, kisha chora mara moja tu kwa sekunde. Hakuna kitakachopotea, maana mtumbwi hauwezi kwenda mbali kwa sekunde moja. Kivinjari kinapata nafasi ya kupumua, na ukibonyeza kitufe kinakusikia. Ofisini tuliiita breki. Niliiandika, nikavuka tena nayo Nansio, nikaijaribu asubuhi kwenye kompyuta ileile ya ushirika, kuukuu, yenye feni inayonguruma kama mashine ya kusaga. Kitufe kiliitika papo hapo. Nilirudi Mwanza roho yangu imetulia.

Siku moja mkurugenzi akaja kusimama nyuma ya kiti changu, kikombe cha chai mkononi.

"Mbona zinaruka?"

"Nini kinaruka, bosi?"

"Hizi nukta. Zinaruka kama vyura. Mimi niliwaahidi laivu."

"Ni laivu. Zinachorwa kila sekunde."

"Nataka zitiririke, dada. Mtu akiangalia aone mambo yanatokea."

Nikamweleza yote, pamoja na habari za watoto na ndizi. Hakunisikiliza. Alileta kompyuta yake mpakato, mpya, bado ina nailoni kwenye kifuniko, akanitaka nitoe breki kwa dakika tu. Nikaitoa. Nukta zikatiririka kweli, na kitufe kikaitika.

"Unaona? Unaogopa bure."

"Hii siyo kompyuta ya Nansio, bosi."

"Watanunua nyingine."

"Lini?"

Akanywa chai yake. "Nyinyi watu wa Muleba mmezaliwa na ubishi," akasema, akacheka. Nikairudisha breki mbele ya macho yake, na nikamwambia mwenzangu kwa sauti, ili na yeye asikie, kwamba hiyo haiguswi.

Hapa lazima niseme kuhusu mgeni rasmi, kwa sababu bila yeye mtu wa mbali hatanielewa. Kwetu kazi haijafanyika mpaka mgeni rasmi aje aione. Kisima kinaweza kutoa maji miezi na miezi, lakini siku ya mgeni kinafungwa kwanza, watu wakae na ndoo zao wakisubiri, ili yeye akifungue na kupigiwa makofi. Kuna turubai, viti vimevalishwa vitambaa, maji ya chupa, fulana zenye maandishi, kwaya. Nimekulia humo na sina ugomvi na kwaya. Ugomvi wangu ni pale kitu kinachofanya kazi kinapoharibiwa ili kipendeze kwa muda wa hotuba moja.

Siku ya uzinduzi pale Nansio ikapangwa. Na mimi shangazi yangu akafariki, Muleba, dada wa baba, ndiye aliyenilea nikisoma. Nikaomba ruhusa nikaenda kuzika, na baada ya kuzika nikakaa na familia kama inavyotakiwa.

Sijui kama mkurugenzi alisubiri hata basi langu litoke stendi. Alimwambia mwenzangu atoe breki, na zaidi ya hapo aviamuru vidude vyote vitume taarifa mfululizo, bila kupumzika, ili nukta zitiririke zaidi. Mwenzangu alibisha, hiyo haki yake nampa. Lakini ni mpole, mke wake alikuwa ametoka kujifungua, na bosi alimwambia ni kwa siku moja tu. Kwa siku moja tu! Kama ningelipwa kila nilipoambiwa neno hilo ofisini, leo ningekuwa na mtumbwi wangu.

Sherehe ilifana. Nilitumiwa picha nikiwa kwenye turubai la msiba: runinga kubwa ya kuazima, kompyuta mpakato ya bosi imechomekwa nyuma yake, ziwa la bluu, nukta zinameremeta, mgeni rasmi ameinua mikono anapiga makofi. Mitumbwi iliambiwa ikae majini mchana kutwa izungukezunguke ili kuwe na cha kuangaliwa. Wageni wakala, wakapanda kivuko, wakaondoka. Runinga ikarudishwa ilikoazimwa. Breki haikurudishwa. Hakuna aliyeona sababu, kwani nani alikuwa amelalamika?

Siku chache baadaye mtumbwi mmoja ulizama asubuhi, watu watatu ndani yake.

Niliyoyajua baadaye ni haya, na niliyasikia kwa mwangalizi mwenyewe. Upepo ulianza mitumbwi ikiwa inarudi. Simu yake ikaita, sauti ya mtu anayemjua anapiga kelele: injini imezima, maji yanaingia. Ikakatika. Akaangalia kwenye ramani, akauona mtumbwi wao karibu kabisa na kisiwa kidogo cha mawe, nukta yake ikisogea kuelekea bandarini. Akagusa nukta, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Nukta zilikuwa zinasogea, zinakwama, zinasogea, na kitufe kimetulia kama kimechorwa ukutani. Akampigia mkuu wa boti, hapatikani. Akaacha kiti, akakimbia mwenyewe kwa miguu kwenye mchanga, kanga inamdondoka, mpaka kwa vijana wa boti. Wakamuuliza wapi. Akawaambia alichokiona: kwenye kisiwa cha mawe, wanakuja.

Boti ikaenda kwenye kisiwa cha mawe. Hapakuwa na mtu. Kile alichokiona kwenye kioo kilikuwa habari ya zamani, mchoro uliokuwa bado unasubiri zamu yake. Mtumbwi ulikuwa umeshapita pale, ukasukumwa na upepo, ukapinduka mbali upande mwingine. Vijana walizunguka mawe wakiita. Watu wawili waling'ang'ania ubao mpaka wavuvi wa dagaa wakawavuta. Wa tatu, baba mtu mzima, ndiye aliyekuwa nahodha, hakuonekana mpaka kesho yake.

Na boti ikiwa imeshakwenda, mwangalizi amesharudi ofisini amepiga magoti, king'ora kikaanza kulia. Mbonyezo wake wa kwanza ndiyo ulikuwa umefika mbele ya foleni. Watu wote walikisikia. Walichoelewa ni kwamba mama alikuwa amelala, akaamka, akakimbia, kisha akarudi kubonyeza ili ajitetee.

Mkurugenzi wangu angeweza kuwaambia ukweli kwa sentensi moja. Alivuka, akakaa nao, akasema mfumo hauna kasoro, mgeni rasmi mwenyewe ameushuhudia, tatizo ni uzembe wa mwendeshaji. Mwenyekiti wa ushirika akatoka mwaloni na kipaza sauti cha mnada wa samaki, akatangaza mbele ya watu wote, wauza dagaa, wapakiaji, mama ntilie, kwamba mwangalizi amesimamishwa kwa kusababisha kifo. Tangu siku hiyo yule mama akipita na ndoo yake, watu walikuwa wananyamaza. Binti yake aliambiwa shuleni kwamba mama yake ni muuaji. Kisiwa ni kidogo, huwezi kuhamia mtaa wa pili watu wakakusahau.

Habari za mtumbwi zilinikuta Muleba, na niliporudi Mwanza nilifungua programu kabla sijaweka mkoba chini. Mahali pa breki palikuwa peupe. Nilimwangalia mwenzangu, akainamisha kichwa. Nikaingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Breki iko wapi?"

"Pole na msiba, dada. Kaa kwanza."

"Iko wapi?"

"Yule mama alikuwa amelala. Ushirika wenyewe umesema."

"Ushirika umesema ulichowaambia wewe!"

Akafunga mlango. Akaongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitia kichaa kuliko matusi. Akasema maneno hayo yakitoka nje kampuni imekufa, mimi sina kazi, mwenzangu ana mtoto mchanga. Akasema yule mama ni mtu mzima, atapata cha kufanya, hata kulima. Marehemu hatarudi. Nilitamani kumtupia kile kikombe cha chai, na sioni aibu kusema hivyo.

Nikampigia mwenyekiti siku hiyohiyo, nikamwambia mashine yetu ndiyo mbovu na nitamwonyesha, asimwamini mtu kwa mdomo tu, hata mimi. Familia ya marehemu nayo ilikuwa inadai majibu, kwa hiyo akaita kikao. Nilimwomba kitu kimoja, kiwe asubuhi, mitumbwi ikiwa inarudi. Mkurugenzi akaalikwa. Kwenye kivuko, gari lake likiwa limepakiwa chini, alikaa pembeni yangu njia nzima akinipanga: "Wewe utakaa kimya, mimi nitaongea, tutamaliza salama." Nilikuwa naangalia maji. Kazi yake nilikuwa nimeshaiacha moyoni kabla hatujafika katikati ya ziwa.

Tulilala Nansio, na asubuhi tukakaa kwenye ofisi ya ushirika. Mwenyekiti, mzee mwenye koti, mezani. Wazee wenye mitumbwi kwenye mabenchi. Mke wa marehemu karibu na mlango, kitambaa cha msiba kichwani. Mwangalizi kwenye kona, mbali na kiti chake cha zamani, mikono mapajani. Kompyuta ilikuwa inanguruma, nukta zinahangaika kwenye ramani.

Mkurugenzi akasimama. Alitoa pole kwa lugha tatu. Akaeleza kwamba teknolojia haina uchovu wala usingizi, binadamu ndiye anavyo. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nikasimama kabla hajakaa.

"Mzee mwenyekiti, shikamoo. Naomba mkurugenzi wangu akae kwenye kile kiti, achague mtumbwi wowote, abonyeze kitufe. Basi. Sina hotuba."

Akacheka. "Mwenyekiti, huyu binti ametoka msibani, ana uchungu."

"Kaa ubonyeze," mwenyekiti akasema.

Akakaa. Akavuta shati lisijikunje, akagusa nukta, akabonyeza. Akageuka kutuangalia huku anatabasamu, anasubiri king'ora. Hakikulia. Akabonyeza tena, kisha mara nyingi mfululizo, kama mtu anayeua siafu.

"Ni mtandao," akasema. "Leo mtandao uko chini."

Mwenyekiti akainama kwenye kioo. "Kama mtandao haupo, hizi nukta nani anazisogeza?"

Mwenye mtumbwi mmoja akainuka kwenye benchi akaja karibu, akaweka kidole kwenye kioo. "Huu ni wa kwangu," akasema. "Inaonyesha bado uko majini, mbali kabisa." Kisha akageukia dirishani. Sote tukageuka. Mtumbwi wake, wenye mstari wa njano ubavuni, ulikuwa umepanda mchangani pale nje, vijana wake wanashusha dagaa kwenye ndoo.

Nikawaeleza. Sikutumia neno lolote la kompyuta. Nikasema kulikuwa na breki, niliiweka mimi, ikatolewa ili nukta zipendeze machoni pa mgeni rasmi. Nikamtaja aliyeitoa, naye yuko pale kwenye kiti. Alifungua mdomo, na hapo ndipo king'ora kilipoanza kulia. Mbonyezo wake ulikuwa umefika. Kililia kwa nguvu hata mabati yakatetemeka, na vijana wa boti wakaingia mlangoni wakihema, "Wapi? Wapi?"

Mwangalizi alikuwa ameziba masikio kwa viganja viwili.

Breki niliirudisha palepale, nimekaa kwenye kiti chake, kutoka kwenye nakala yangu. Nikaviamuru vidude visitume ovyo, nikabonyeza, king'ora kikalia kabla sijaondoa kidole. Wazee walinong'ona kidogo kwa lugha yao, kisha mwenyekiti akakohoa.

"Basi, mama," akamwambia mwangalizi. "Tumeelewa. Yaishe humu humu ndani. Kesho urudi kwenye kiti chako."

Mkurugenzi akadakia upesi, "Naam, busara hiyo. Mambo ya ofisi tuyamalizie ofisini."

Nilitaka kuruka. Lakini mama alishanitangulia kusimama. Sikuwahi kumsikia akiinua sauti, na hata siku ile hakuinua.

"Baba mwenyekiti, mimi sikutangazwa humu ndani. Nilitangazwa pale mchangani, kwa kipaza sauti. Kwenye kiti sirudi mpaka pale nilipotangazwa utangazwe na ukweli."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akasema itakuwa aibu kwa ushirika. Mwingine akasema watu wameshaanza kusahau. Wameshaanza kusahau! Nikawauliza kama binti yake naye ameshaanza kusahau, na sauti yangu sasa ilikuwa inasikika mpaka kwenye mizani ya samaki. Mwenyekiti akasimama. Ni mtu wa haki yule mzee, polepole lakini ni wa haki. Akavaa kofia yake, akachukua kipaza sauti kwenye msumari, akatoka.

Tukamfuata. Mkurugenzi hakutufuata. Alikwenda kwenye gari lake, akapanda, akafunga vioo, akakaa humo na jua lile.

Mwenyekiti akapanda juu ya kreti. Alisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kikerewe, maneno machache. Kwamba mama huyu alibonyeza kwa wakati. Kwamba mashine ndiyo iliyochelewa, na wenye mashine walijua. Kwamba yeye mwenyekiti alimtangaza bila kuuliza, na anaomba radhi. Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa juani wakaacha kugeuza. Mmoja akauliza kutoka mbali, "Kwa hiyo alibonyeza?"

"Alibonyeza."

Hawakupiga vigelegele. Wawili walikuja wakamshika mikono, mmoja akalia. Wengine wakarudi kwenye dagaa zao, wameona haya. Mimi bado nilikuwa natafuta wa kumpigia kelele, naangalia lile gari, nafikiria kulifungua mlango.

Ndipo mke wa marehemu akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya mwangalizi. Walikuwa wanafahamiana tangu usichana, kisiwa chote kinafahamiana. Nikadhani atamtukana, au atamkumbatia.

"Dada," akasema, "siku ile, kwenye kioo, ulikuwa unamuona?"

Mwangalizi akajifunga kanga yake vizuri.

"Nilikuwa namuona, mdogo wangu."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anakuja nyumbani. Mpaka natoka pale kukimbia, kwenye kioo alikuwa bado anakuja nyumbani."